Mkanda wa vakyumu umeungua nikiwa kwa mteja, naweza kuweka wowote unaoingia?

Mkerewe_Ohio

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mimi na mke wangu tumeanza kazi ya kusafisha nyumba za watu hapa Columbus, Ohio, tangu mwezi wa nne. Mtaji wetu ni ndoo mbili, mopu, na vakyumu ya kusimama, Hoover WindTunnel T-Series, niliyoiokota duka la mitumba kwa dola 25. Mpaka wiki iliyopita sikuwa na la kulalamika.

Alhamisi tulikuwa kwa mama mmoja mwenye mbwa wawili wa manyoya marefu. Niko sebuleni, mara nikasikia harufu ya mpira unaoungua, kama daladala iliyokwama mlimani na dereva amekanyaga klachi tu. Mota iliendelea kuunguruma, tena kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, lakini kila nikipitisha mashine manyoya yanabaki palepale. Mama wa watu akatoka jikoni, akafungua madirisha yote matatu, akarudi jikoni. Hakusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipoipindua nyumbani nikakuta mkanda umekatika na mabaki yake yameganda kwenye chuma cha mota. Nikaenda dukani, nikaona pakiti imeandikwa Hoover WindTunnel, nikasema ndiyo hii. Kuuvisha tu nikaona mashaka: huu ni mpira mtupu, unavutika, wakati ule wa mwanzo ulikuwa mgumu. Brashi ilizunguka kama dakika tatu ikasimama, na harufu ikarudi. Mke wangu anasema turudishe dukani, ila pakiti nimeshaichana.

Jumanne tunarudi kwa mama wa mbwa. Je, mkanda wowote wenye upana huo na urefu unaokaribiana unafaa? Au hizi namba za kwenye pakiti zina maana kweli na si mbinu ya kutuuzia?

Abu_Kisauni

Kaka, usijitese. Huku Mombasa nina vakyumu ya Dyson ambayo mjomba aliituma kutoka Leicester, twaitumia kwa mazulia ya msikiti. Mkanda ulipokatika nilichukua tyubu ya baiskeli, nikakata pete ya upana wa kidole, nikavisha. Ikafanya kazi. Mpira ni mpira.

BibiBeringi

Marahaba mwanangu Mkerewe, na pole kwa hayo madirisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Nimesafisha maofisi usiku miaka 11 hapahapa Ohio, mpaka magoti yakagoma. Sasa nakaa kwenye benchi katika kaduka ka kutengeneza vakyumu, na kutwa kazi yangu ni kuchomoa nywele za watu kwenye beringi. Abu ni ndugu yangu wa pwani, nampenda, lakini kwenye hili usimfuate. Nitamrudia.

Namba zina maana. Kilichokuponza ni jina. WindTunnel ni jina la ukoo, si jina la mtu. Hoover wamelibandika kwenye mashine nyingi ambazo matumbo yake hayafanani kabisa. Kwa maelezo yako nadhani umechukua namba 160, ambao ni wa WindTunnel za zamani: mpira mtupu, unavutika. T-Series inatumia namba 65. Ule una nyuzi ndani na hauvutiki hata uuvute kwa meno. Pindua mashine au itazame mgongoni, kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Kwa T-Series mara nyingi inaanza na UH70, kisha tarakimu nyingine tatu. Iandike yote pamoja na hizo tarakimu za mwisho, nenda nayo dukani, na usimwambie muuzaji kitu kingine chochote. Ukimwambia "WindTunnel" atakupa chochote chenye jina hilo, na atakuwa hajakudanganya.

Sasa kwa nini haviingiliani wakati upana unakaribiana? Mkanda unaovutika unajikaza wenyewe. Ukiwa mpya ni mfupi kuliko safari yake, unauvuta kwa nguvu mpaka vidole viume, na ule mvuto ndio unaoishika puli, yaani ile sehemu ya duara ambayo mkanda unaizunguka. Usiovutika haujikazi. Anayeukaza ni mashine: brashi inapokaa kwenye kitanda chake, ule umbali kati ya brashi na mota ndio unaoutia mkanda ubavu. Kwa hiyo mashine iliyopimwa kwa mkanda usiovutika, ukiipa wa kuvutika, mpira unanyooka, unateleza, unapata joto, unalainika, unateleza zaidi. Hizo dakika tatu zako ndizo hizo. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, maana ukilazimisha mkanda usiovutika kwenye mashine iliyotaka mpira, mkanda hautatoa, kitakachotoa ni beringi ya mota. Mota haina bei ya mkanda.

Kipimo changu cha haraka nikiwa sina namba: mkanda wa kuvutika ukiingia kwa vidole viwili bila jasho, ama si wake ama umekufa. Usiovutika ukidai bisibisi ili uingie, si wake.

Na usipime ule uliokatika ukadhani ndicho kipimo. Mpira uliotumika mwaka mzima umeshatanuka. Nimeona watu wanakuja na mkanda uliochoka, wanaulinganisha na mpya, wanasema "huu wako mfupi, nipe mrefu kidogo". Unampa mrefu kidogo, wiki ijayo yuko mlangoni. Mpya LAZIMA uonekane mfupi. Kama huna budi kupima, ulaze mezani ukiwa umebanwa sambamba, pima kutoka ncha hadi ncha, zidisha kwa mbili, kisha kumbuka kwamba hiyo ni namba ya mgonjwa. Upana na unene ndivyo vya kuaminika, kwa sababu hivyo havidanganyi sana.

Mkanda wenye meno upande wa ndani ni rahisi zaidi, na ndio ninaoupenda. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi palepale. Mara nyingi maandishi yapo mgongoni. Ukiona 3M-240-12, soma hivi: kutoka jino hadi jino milimita 3, mzunguko wote milimita 240, upana milimita 12. Yaani meno 80. Hapo unaweza kununua wa kampuni yoyote duniani, mradi tarakimu zote tatu ziwe zilezile. Ukikosea jino moja tu hauingii, na hiyo ndiyo raha yake, haukupi nafasi ya kujidanganya.

Lakini mwanangu, hayo yote ni nusu ya jibu. Hujaniambia mkanda wa kwanza ulikufa kwa nini.

Mkanda haukatiki kwa hasira. Brashi imegoma, mota inaendelea kuzunguka, chuma cha mota kinasugua mpira sehemu moja mpaka unayeyuka. Swali ni nani aliyeizuia brashi. Una mbwa wawili wa manyoya marefu, mimi tayari nina mtuhumiwa. Chomoa waya ukutani kwanza (nasema hivi kwa sababu kuna mtu ana vidole tisa na alikuwa na haraka kama wewe). Toa brashi. Zungusha kwa kidole. Inatakiwa izunguke mara kadhaa yenyewe bila kukwaruza. Ikisimama papo hapo, tazama ncha zake mbili. Watu hukata nywele za katikati kwa mkasi, wakaona brashi imependeza, wakarudishia. Nywele mbaya ni zile zilizojificha nyuma ya vile vifuniko vya pembeni, zimejiviringa kwenye ekseli mpaka zimekuwa kama kamba ya katani. Sisi wa Tanga katani tunaijua. Vuta kifuniko, toa hiyo kamba, vuta na ya upande wa pili.

Halafu kile chuma cha mota. Umesema mabaki yameganda. Usivishe mkanda mpya juu yake, maana kila donge ni mlima na mkanda utarukaruka mpaka uchanike. Kwangua kwa kijiti au ukucha wa plastiki, usitumie kisu, ukikikwaruza chuma kitakula mpira.

Na kwa mama wa mbwa, kama sebuleni ana zulia nene, inua kitasa cha urefu kabla hujaanza. Ukiiweka mashine chini kabisa kwenye zulia nene, brashi inakuwa inalima. Pindo za zulia usizipitie, zinajifunga kwenye brashi kabla hujafumba jicho.

Mkerewe_Ohio

Ahsante sana mama. Nimepindua: UH70120. Nimevuta vifuniko vya brashi kama ulivyosema. Upande mmoja palikuwa na nywele ndefu nyekundu, na hatujawahi kuwa na mteja mwenye nywele nyekundu. Ina maana tulinunua ugonjwa pamoja na mashine. Upande wa pili kuna manyoya ya mbwa na uzi wa kijani ambao nadhani ni wa kitenge cha mke wangu.

Brashi sasa inazunguka. Ila namba 65 haipo kwenye maduka mawili niliyopita, mpaka niagize. Jumanne nifanyeje? Kanisani wamenipa vakyumu ya Sanitaire nyekundu ya zamani, ile ya maofisini, nayo haina mkanda kabisa.

Fundi_Cherehani_Kkoo

Habari. Mimi niko Kariakoo, nashona na kutengeneza cherehani. Kama hiyo Sanitaire mkanda wake ni wa duara kama kamba, si mnaweza kutumia mkanda wa cherehani ya miguu? Unakata kwa urefu unaotaka, unaunga kwa kile kikulabu cha waya. Cherehani inakwenda miaka.

BibiBeringi

Fundi, heshima yako. Wazo si la kijinga, nami nilishalifikiria nikiwa na njaa. Shida ni kile kikulabu. Cherehani ya miguu inazunguka taratibu kwa puli kubwa, kikulabu kinapita bila kelele. Brashi ya vakyumu inakwenda maelfu ya mizunguko kwa dakika, na chuma cha mota ni chembamba kama kalamu. Kikulabu kikizungushwa kona kali namna hiyo kitagonga kama nyundo, kisha kitafumuka kiruke. Kiungo chochote, cha waya, cha gundi, cha kushona, hakifai hapa. Mkanda wa vakyumu lazima uwe pete iliyozaliwa pete.

Mkerewe, hiyo Sanitaire ndiyo itakuokoa Jumanne. Kama mkanda wake ni wa duara, uliza mkanda wa staili RD. Mimi yangu ya maofisini ilikula RD hizo miaka yote, na maduka ya vifaa vya usafi huwa wanazo kwa mafungu. Chukua mbili, moja ibaki mfukoni. Sitanii. Msafishaji asiye na mkanda mfukoni ni kama dereva asiye na tairi la akiba.

Ila nisikilize kwa makini namna ya kuuvisha, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika mimi. Kwenye mashine hizo ekseli ya mota haikulala sambamba na brashi, imeelekea upande mwingine, kwa hiyo mkanda unapotoka kwenye mota kwenda kwenye brashi unajipinda. Unaweza kuupinda kulia au kushoto, na kote utaingia vizuri, kote brashi itazunguka. Wiki yangu ya kwanza kazini, ghorofa ya maofisi, saa tano usiku, mkanda ukakatika. Nikavisha mpya, nikajisifu. Nikaanza kupiga korido. Mashine inanivuta kurudi nyuma, na vumbi linaruka mbele kama kuku anachakura. Nikadhani ni mimi sina nguvu. Nikasukuma korido nzima namna ile, msimamizi akaja akawasha taa, akatazama zulia, akanitazama mimi. Brashi ilikuwa inazunguka kinyume. Usiku kucha nilikuwa natapanya uchafu nilioajiriwa kuutoa.

Kwenye tumbo la mashine kuna mshale unaoonyesha mzunguko. Fuata huo. Ukishavisha, zungusha kwa mkono kuelekea kwenye mshale uone kama mkanda unakaa katikati ya njia yake.

Kuhusu kubadilisha na kufananisha, kwa kuwa umeuliza mwanzo: kufaa kupo, lakini ni ndani ya aina moja. Bapa kwa bapa, duara kwa duara, meno kwa meno. Na wakati mwingine wenyewe kiwandani wamekurahisishia. Ukiona mkanda wa Bissell umeandikwa staili 7, 9, 10, 12, 14, 16, usitafute sita, ni mmoja huohuo, namba 32074. Kirby nao ni waungwana: namba 301291 inaingia tangu modeli ya Generation 3 mpaka Avalir. Halafu unakuja kwa Hoover, jina moja mikanda chungu nzima. Ndiyo maana mimi siulizi jina, nauliza namba.

Mpira wa oringi, ile pete ya kuzuia kuvuja, nao watu huutaja kwa mashine za mkanda wa duara. Nimewahi kuutumia, ulinipeleka wiki mbili. Oringi imetengenezwa ibanwe ikae kimya, haikutengenezwa kuvutwa na kupindwa mchana kutwa. Kama ni kumaliza nyumba ya mteja, sawa. Kesho yake nunua wa haki.

Abu_Kisauni

Shikamoo bi mkubwa. Naona nimewekwa kiporo. Niseme ukweli wote: ile tyubu ilifanya kazi Ijumaa moja. Ijumaa ya pili ilitoka kwenye puli ikajizonga kwa brashi, na imamu akauliza nani anachoma tairi. Sasa hivi tunatumia mfyonzo tu, brashi haizunguki. Ni Dyson DC07. Nimwambie mjomba atume mkanda gani? Ama nitafute mashine ya Marekani, huko mwaziuza rahisi?

BibiBeringi

Marahaba Abu. Nilijua kuna Ijumaa ya pili.

Tyubu ni nyembamba, imeumbwa kuzuia upepo. Ukiikata kwa mkasi upana wake haulingani, upande mmoja unavutika zaidi, na mkanda wa namna hiyo siku zote hutambaa pembeni mpaka uanguke. Iache kwa manati na kufungia mizigo.

Mashine ya Marekani usitume mtu. Hizi zetu ni volti 120, zenu huko 240. Mashine ya ampea 12 inataka transfoma ya kubeba zaidi ya wati 1,440, na mazito ya transfoma hiyo utayabeba wewe. Dyson ya Uingereza imekufaa kwa sababu umeme ni uleule. Itunze.

DC07 zipo mbili, na usipomwambia mjomba ni ipi atatuma isiyo yako. Tazama kichwa cha chini, kile kinachogusa zulia. Kama kina kitasa cha kuzungusha cha kuwasha na kuzima brashi, yako ina klachi. Hiyo ndani yake ina mikanda ya meno, na kuibadilisha kunataka kifaa cha kukazia, kwa hiyo watu wengi hununua klachi nzima, wakafunga skrubu wakamaliza. Kama hakuna kitasa, ni isiyo na klachi: mkanda wa bapa wa kuvutika. Wa hiyo ni mgumu kuuvuta kwa mkono, aombe na kile kikulabu cha plastiki kinachouzwa pamoja nao. Mwambie atume miwili. Na hayo mazulia ya msikiti kama yana pindo, fagia pindo kwa mkono.

Abu_Kisauni

Kitasa kipo. Kimekwama, nilidhani ni pambo.

Mkerewe_Ohio

Ripoti ya Jumanne. RD ziliuzwa mbili kwa pakiti, sikulazimika hata kuchagua. Nilivisha ya kwanza nikiwa uani, nikafuata mshale, bado mke wangu akasimama pembeni na simu akinisomea ujumbe wako neno kwa neno. Mashine ilipowaka ilivuta kwenda mbele yenyewe, sikujua inatakiwa kuwa hivyo. Kwa mama wa mbwa nimejaza mfuko hadi nusu. Alikuja sebuleni, akatazama zile mistari kwenye zulia, akafunga dirisha moja lililokuwa wazi tangu asubuhi.

Namba 65 imefika jana. Imeingia bila bisibisi. Nilitaka kukuuliza mama, ule wa 160 niliouchana pakiti, kuna mtu yeyote mwenye WindTunnel ya zamani nimpe? Haujafika hata nusu saa kazini.

BibiBeringi

Umetazama ndani yake? Kama upande wa ndani unang'aa kama kiatu kipya, umeshachomeka, utupe. Kama bado una ukungu wa mpira, uniletee dukani, nina Mkongo mmoja anaisubiri hiyo saizi.

Mkerewe_Ohio

Unang'aa.